Onta: Kijiji Ambako Mto Hutwanga Udongo

Kinu na mchi tunavijua sote. Huko Onta, kijiji cha wafinyanzi kilicho milimani karibu na mji wa Hita, kisiwani Kyushu nchini Japani, anayetwanga ni mto. Tulikwenda kwa siku moja, majira ya majani kugeuka mekundu, na mapigo tuliyasikia kabla ya kuziona nyumba.

Kinu chenyewe ni gogo refu lililochongwa ncha moja kama upawa. Maji yakijaa, gogo huinama na kuyamwaga. Likirudi, ncha ya pili huangukia udongo kwa kishindo. Hutwanga hivyo usiku na mchana kwa wiki kadhaa. (Nani angeweza kumlipa mtu kwa kazi hiyo?)

Ufinyanzi ulianza hapa mwaka 1705. Familia zake hazizidi kumi au zaidi kidogo, na kwa desturi kila moja humrithisha mtoto mmoja tu, maana udongo unaotwangwa na mto hauwatoshi wengi. Vyombo havitiwi jina la mfinyanzi. Mvua kubwa za Julai 2017 ziliharibu vinu vingi. Wanakijiji walivitengeneza upya, vya maji vilevile.