M. G. Vassanji

M. G. Vassanji (jina kamili: Moyez Gulamhussein Vassanji, amezaliwa Nairobi, Kenya, 30 Mei 1950) ni mwandishi wa riwaya kutoka Kanada mwenye asili ya Uhindi. Alikulia Dar es Salaam, Tanzania, katika jumuiya ya Waismailia. Huandika kwa Kiingereza.

Maisha

Alisoma fizikia nchini Marekani katika chuo cha MIT, kisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikopata shahada ya uzamivu. Mwaka 1978 alihamia Kanada. Alifanya utafiti wa fizikia hadi alipoiacha kazi hiyo na kuwa mwandishi.

Uandishi

Vitabu vyake vingi vinazunguka swali moja: Mhindi aliyezaliwa Afrika ni mtu wa wapi? Katika riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack (1989), Salim Juma anarithi gunia lililojaa kumbukumbu za ukoo. Humo anakuta habari za babu aliyetoka Gujarat akazaa na mtumwa Mwafrika, Bibi Taratibu. Hivyo damu ya Kiafrika imo ndani ya familia inayojiita ya Kihindi.

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, na familia nyingi za Kihindi zikaondoka. No New Land (1991) inaeleza maisha ya familia iliyotoka Dar es Salaam na kuhamia Toronto.

Tuzo

* Tuzo ya Waandishi wa Jumuiya ya Madola, kanda ya Afrika, kwa The Gunny Sack
* Tuzo ya Giller ya Kanada, mwaka 1994 ilipotolewa mara ya kwanza, kwa The Book of Secrets
* Tuzo ya Giller 2003, kwa The In-Between World of Vikram Lall. Alikuwa mtu wa kwanza kuipata mara mbili.

Vitabu vya kuanzia

Anayeanza kumsoma anaweza kuchukua Uhuru Street (1992), kwa kuwa ni hadithi fupi kuhusu watu wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Baada yake inafaa The Gunny Sack, ambayo ni ndefu na ina wahusika wengi. The Book of Secrets inamhusu mwalimu mstaafu anayefuatilia shajara ya mtawala Mwingereza ya mwaka 1913. Vikram Lall inahusu Kenya tangu enzi ya Mau Mau. Asiyependa riwaya anaweza kusoma And Home Was Kariakoo (2014), kumbukumbu za safari zake Afrika ya Mashariki.