Siku za Mstaafu: Mwili, Akili na Simu

Kwa watumishi wa umma hapa Tanzania sheria imeweka umri wa miaka 55 kwa kustaafu kwa hiari na miaka 60 kwa lazima. Familia nyingi hujiandaa kwa upande wa fedha: kiinua mgongo, pensheni, bati za nyumba, ada ya mtoto wa mwisho. Lakini ni mara chache watu kuketi na kuulizana baba au mama atafanya nini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku baada ya siku. Na afya yake itategemea sana jibu la swali hilo.

KAZI ILIKUWA INATUPA NINI?

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alitembea kwenda shule na kurudi, alisimama mbele ya darasa, alikumbuka majina ya watoto wengi, na wakati wa chai alibishana na wenzake. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo yote yalikuwa mazoezi. Siku anapokabidhi ofisi, yote hukatika kwa mpigo. Misuli isiyotumika hupungua, na kwa mtu wa miaka 60 hupungua upesi kuliko kwa kijana. Sukari ambayo misuli hiyo ingeitumia hubaki katika damu. Usingizi wa mchana huuiba ule wa usiku, naye huamka saa nane za usiku akidhani ana ugonjwa.

Akili nayo hudai kazi yake. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1985, watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 mjini London waliingizwa katika utafiti unaoitwa Whitehall II, nao wamefuatiliwa kwa miaka mingi. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba baada ya kustaafu uwezo wa watu hao wa kukumbuka maneno ulishuka kwa kasi iliyozidi ile ya kabla ya kustaafu kwa asilimia 38. Tusitishike mno. Wapo ambao afya yao huwa nzuri zaidi wakiacha kazi, hasa waliobeba mizigo, waliokesha lindoni, au waliokuwa chini ya mkubwa mkali. Ila ubongo uliozoea kuulizwa maswali kutwa nzima usipoulizwa tena hulegea.

SIMU INAPOCHUKUA KITI CHA OFISI

Hapo ndipo simu inapoingia. Watoto kwa mapenzi yao humnunulia mzee simu ya kisasa na kumwekea bando. Kufumba na kufumbua yumo katika vikundi kumi vya WhatsApp: wa ukoo, waliosoma pamoja, wastaafu wenzake, na cha ofisi aliyoiacha, ambako bado anafuatilia nani kapandishwa cheo. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na redio ya zamani ilikuwa na saa ya kufunga matangazo. Mitandao ya kijamii haina mwisho, na imetengenezwa makusudi isiwe nao. Mzee hukaa kitini saa nne mfululizo, shingo imeinama, moyo ukipandishwa na habari za ajali na za dawa za mitishamba zinazodaiwa kuponya kisukari kwa siku saba. (Dawa hizo zimewafanya baadhi ya watu waache vidonge vyao vya hospitali. Asiache mtu dawa kwa sababu ya ujumbe aliotumiwa.)

Je, kuacha mitandao kunasaidia? Kabla ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2018 watafiti waliwachukua watu wapatao 2,700 wanaotumia Facebook, wakawalipa baadhi yao wafunge akaunti zao kwa majuma manne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliofunga walipata wastani wa saa nzima ya ziada kila siku. Furaha yao iliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo, na walikaa zaidi na jamaa na marafiki. Hata hivyo sehemu ya saa hiyo iliishia mbele ya televisheni. Hapo pana somo kwa mstaafu: akifuta mitandao bila kuwa na shughuli nyingine, atahama tu kutoka kioo kidogo kwenda kioo kikubwa.

Kwetu kuna kizuizi kingine ambacho Wamarekani hao hawakuwa nacho kwa uzito kama wetu, nacho ni misiba. Siku hizi tangazo la msiba hupita kwenye kikundi cha simu, na anayejitoa huogopa kuonekana amesusa watu. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kujitoa, awaage wanakikundi kwa heshima, kisha amwombe mtu mmoja wa ukoo na mmoja wa jumuiya wampigie simu kukiwa na msiba au mgonjwa. Simu ya kupiga na kupokea abaki nayo, pamoja na huduma ya kutuma na kupokea fedha. Usiku simu ilale sebuleni. Siku za mwanzo mkono utakuwa unakwenda mfukoni wenyewe na mzee atakuwa na hasira kidogo. Wa nyumbani wamvumilie, hali hiyo hupungua.

MCHEZO WA BAO NA MENGINEYO

Basi afanye nini? Nianze na bao, kwa kuwa watu hulidharau wakidhani ni mchezo wa wavivu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 kwenye ubao na 22 mkononi, na katika hatua ya kunamua huingiza moja moja, huku akihesabu zitakapoishia zake na za mwenzake. Kete zikiisha mkononi, mtaji unaanza na hesabu inakuwa ngumu zaidi. Hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba bao huzuia ugonjwa wa kusahau uzeeni. Lakini tume ya wataalamu ya jarida la Lancet, mwaka 2024, ilitaja upweke na kutoushughulisha mwili miongoni mwa mambo 14 yanayochangia ugonjwa huo na yanayoweza kurekebishwa, na barazani pa bao hakuna upweke. Tahadhari ni mbili: kila mchezo ukiisha simama utembee kidogo, na ubishi usisindikizwe na pombe.

Kwa wengi shughuli iliyo karibu zaidi ni bustani. Mchicha huvunwa baada ya majuma matatu au manne, na hata asiye na kiwanja anaweza kuupanda kwenye gunia lililojazwa udongo na samadi. Kuinama, kupalilia na kumwagilia ni mazoezi halisi. Ndoo ijazwe nusu, na mtu apige magoti badala ya kukunja kiuno. Hapa nataka kusisitiza jambo moja linalosahauliwa, yaani pepopunda. Mpango wa chanjo za watoto ulianza Tanzania mwaka 1975. Wanawake wengi walichanjwa baadaye walipokuwa wajawazito, lakini mwanamume aliyezaliwa kabla ya mwaka huo huenda hajapata hata sindano moja. Baba anayeshika jembe na samadi baada ya miaka mingi ya kalamu aulize chanjo hiyo kituo cha afya, naye avae viatu vilivyofunika mguu.

Wengine watapenda kufuma, kushona, kufuga kuku, kuimba kwaya au kutengeneza viti vilivyovunjika. Chochote kinachotumia mikono na kuleta watu kinafaa. Aliyeacha kusoma kwa sababu herufi zinacheza huenda anahitaji miwani tu, na anayekwepa mazungumzo huenda masikio yameziba nta. Vipimo hivyo vifanywe mapema, maana watu wengi huitwa wazee wakaidi kumbe hawasikii.

Juu ya mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za kutembea kwa haraka au kazi inayolingana na hiyo. Nusu saa kwa siku, siku tano, inatosha kuanzia. Kwa wenye miaka 65 na zaidi huongezwa mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, angalau siku tatu kwa juma, ili kuzuia kuanguka. Yanaweza kufanyika jikoni: simama na kuketi kitini mara kumi bila kushika kitu, kisha simama kwa mguu mmoja karibu na meza.

NYUMBANI PANAPOBANA

Niseme neno kwa akina baba. Mama mwenye nyumba alikuwa na ratiba yake kabla ninyi hamjastaafu. Baba anayeshinda sebuleni akiuliza chai iko wapi na kukagua chumvi ya mboga huleta ugomvi usiokuwapo. Mama aliyestaafu, kwa upande wake, mara nyingi hastaafu kabisa. Huachiwa wajukuu watatu na ndoo za maji, halafu watu husema anapumzika. Watoto wakubwa wapange zamu, ili naye apate walau alasiri mbili kwa juma za shughuli aipendayo.

DALILI ZA KUPELEKA HOSPITALI

Huzuni ya miezi ya kwanza ni ya kawaida. Lakini mtu akikaa majuma mawili au zaidi bila hamu ya chakula wala ya mambo aliyoyapenda, halali vizuri, anajiona hana faida, au anazungumza juu ya kufa, huo ni ugonjwa wa sonona na unatibika. Apelekwe kwa mganga, asiachwe peke yake. Vivyo hivyo anayepotea njia aliyoizoea, au anayeuliza swali lile lile mara nyingi kwa siku. Maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, au mkono kulegea ghafla ni ya kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo.

Hata asiyeumwa apime shinikizo la damu na sukari walau mara moja kwa mwaka. Kipimo cha damu kikifika 140 kwa 90 au zaidi siku mbalimbali, aonwe na mganga. Anayetumia bima ya afya ya kazini aulize ofisi yake kabla ya siku ya mwisho ya ajira kama kadi itaendelea, na kama mwenzi wake naye amo.