Gari linapogoma kuwaka: Pima umeme kabla ya kununua koili

GARI linapogoma kuwaka asubuhi, mwenye gari humwita fundi, na baadhi ya mafundi hutaja bei ya koili kabla hata ya kufungua boneti. Huo ni ubashiri, na anayeulipia ni mteja. Kwa gari la petroli, uchunguzi wa dakika chache hutosha kuonyesha tatizo lilipo.

Kwanza sikiliza. Stata ikinyamaza, au ikigonga ta-ta-ta huku taa za dashibodi zikififia, koili na plagi bado hazihusiki. Tazama betri na vichwa vyake. Nati iliyolegea au ukoga mweupe huweza kulilaza gari zima. Betri ya volti 12 iliyojaa chaji huonyesha takriban volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza.

Injini ikizunguka kwa nguvu lakini haiwaki, hapo ndipo mfumo wa kuwashia huanza kutiliwa shaka. Kagua fyuzi, kisha taa ya alama ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikiendelea kumetameta ufunguo ukiwa umewashwa, huenda gari halijautambua ufunguo huo.

Kipimo kikuu ni cheche. Toa kwanza fyuzi ya pampu ya petroli, chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya au koili yake, kisha iegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na matundu ya plagi, na mtu mwingine apige stata. Cheche ya buluu yenye mlio ni dalili njema. Nyekundu na hafifu si ya kutegemewa. Plagi isishikwe kwa mkono mtupu, kwani koili hupandisha umeme hadi volti 20,000 au zaidi. Wala waya usiachwe ukining'inia, maana umeme unaokosa njia huweza kuunguza koili.

Matokeo yasomwe kwa makini. Plagi moja ikikosa cheche, kosa ni la plagi hiyo, waya wake au koili yake, na kwa kawaida injini ingewaka japo kwa kutetemeka. Zote zikikosa, tafuta kile zinachochangia. Kwenye magari ya zamani ni koili moja, au kifuniko cha distributa, ambacho huingia unyevu wakati wa mvua. Kwenye magari yenye koili nne, ni nadra sana zote kufa siku moja. Fundi anayetaka ununue nne aulizwe kwanza kama amepima umeme unaozifikia, na sensa ya krenki. Sensa hiyo inapochoka, mara nyingi gari huzimika likiwa la moto na kuwaka tena likipoa.

Cheche zikiwapo zote, tazama plagi zenyewe. Zikiwa kavu baada ya kupiga stata kwa muda na fyuzi ya pampu ikiwa mahali pake, petroli haifiki, na kazi ihamie kwenye pampu.