Baiskeli ya Injini: Funzo Litokalo Hamamatsu

Ndugu wasomaji, katika mambo yapendezayo nyoyo za vijana, machache hulishinda hili: kuona chuma kilichokuwa kimelala kikiamka na kwenda kwa nguvu zake chenyewe. Kijana mwenye baiskeli kuukuu, na katika ghala la nyumba yao mna mashine ya kukatia majani isiyotumika, hawezi kuvitazama vitu hivyo viwili siku nyingi pasina kujiuliza: je, haviwezi kuunganishwa? Jawabu ni kwamba vyaweza, na vimekwisha unganishwa mara nyingi katika nchi nyingi. Walakini swali lililo kubwa si hilo. Swali kubwa ni hili: injini ikisha kunguruma na gurudumu likisha kuzunguka, kazi iliyobaki ni ipi? Wengi hudhani kazi imekwisha. Ukweli ni kuwa hapo ndipo ianzapo, nami sijui khabari ionyeshayo jambo hilo vizuri kama khabari ya mwana wa mhunzi mmoja wa Japani.

MWANA WA MHUNZI

Soichiro Honda alizaliwa mwaka 1906 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Hamamatsu. Baba yake alikuwa mhunzi, na pamoja na uhunzi akitengeneza baiskeli za watu. Mtoto alikulia katika moshi na mlio wa nyundo. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika karakana ya magari, na baadaye akarudi Hamamatsu kufanya kazi yake mwenyewe, hata akawa na kiwanda cha kutengeneza ringi za pistoni. Kisha vita vikaja. Kiwanda kimoja kikaharibiwa kwa mabomu, kingine kikaangushwa na tetemeko la ardhi mwezi wa Januari 1945. Vita vilipokwisha, akauza kilichosalia kwa kampuni ya Toyota, akakaa takriban mwaka mzima akifikiri afanye nini.

Hali ya Japani siku zile ilikuwa ya dhiki kubwa. Miji imeungua, treni zimejaa watu hata madirishani, petroli haipatikani ila kwa kibali, na mwenye nyumba akitaka mchele hana budi kuufuata mashambani. Kipando cha raia kilikuwa baiskeli.

Mwaka 1946, nyumbani kwa rafiki yake, Honda aliona injini ndogo iliyokuwa ya jeshi. Haikufanywa kwa ajili ya kuendesha kitu chochote barabarani. Kazi yake ilikuwa kuzalisha umeme wa redio za askari. Jeshi limevunjwa, na injini hizo hazina mtu wa kuzitaka. Mwingine angaliona chuma kikuukuu. Yeye aliona miguu ya waendesha baiskeli ikipumzika. Akazikusanya injini za namna hiyo, zapata 500, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule akafungua karakana ndogo katika kibanda cha mbao mjini Hamamatsu. Wakawa wakizifungua injini moja moja, wakizirekebisha, wakizifunga katika baiskeli za kawaida. Baiskeli ya kwanza haikuwa na tangi la mafuta, basi akatwaa kile chombo ambacho Wajapani hukitia maji ya moto wapate joto kitandani wakati wa baridi, akakigeuza kuwa tangi la petroli.

MKE WAKE AIPANDA

Sasa, ndugu msomaji, tazama fundi huyu alifanya nini. Injini imekubali, gurudumu linazunguka. Lakini hakuridhika kwa sababu yeye mwenyewe ameweza kuipanda. Fundi hujua mahali pa kuibembeleza mashine yake, wala kuipanda kwake si ushahidi. Alimwita mkewe, Bibi Sachi, akamtaka aiendeshe katika barabara kuu za mji, mbele ya macho ya watu. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akihangaika na baiskeli kutafuta chakula cha nyumba yake, na Honda akapenda kusema baadaye kwamba alimhurumia kwa taabu hiyo. Mwenyewe Bibi Sachi alisimulia kwa ucheshi kwamba huruma ilikuwamo labda, lakini hasa mumewe alitaka kujua kama mwanamke naye aweza kuiendesha.

Kwa kuwa atapita mbele ya watu, alivaa suruali yake iliyo nzuri kuliko zote. Aliporudi, nguo ile ilikuwa imeloa mafuta yaliyotemwa na injini. Akamwambia mumewe wazi kuwa kitu hiki hakifai hivi kilivyo, na wateja watarudi kumgombeza. Honda alikuwa mtu wa hasira za karibu, na desturi yake akikosolewa ni kumnyamazisha msemaji. Safari hii hakufanya hivyo. Aliyakubali maneno ya mkewe.

Jambo hilo ni dogo kwa kusimuliwa, nalo ndilo shina la khabari yote. Mtu aliyeunda hasikii harufu ya mafuta yake mwenyewe. Aliyepanda ndiye aisikiaye. Ikiwa fundi hana sikio, kosa litabaki ndani ya mashine mpaka litoke kwa njia mbaya.

Kosa jingine lilikuwa la mpira. Hapo mwanzo injini iliwekwa mbele, nayo ikaendesha gurudumu la mbele kwa rola iliyokandamizwa juu ya tairi. Namna hii si mbaya kwa asili yake. Huko Ufaransa baiskeli za VeloSolex, zilizoanza kuuzwa mwaka 1946, zilitumia rola vivyo hivyo, zikapendwa kwa miaka mingi. Lakini mipira ya Japani baada ya vita ilikuwa dhaifu, ikaliwa na rola upesi. Honda akaiacha njia ile, akaishusha injini katikati ya fremu, akaendesha gurudumu la nyuma kwa ukanda.

Injini za jeshi zilipokaribia kwisha, akaunda yake. Mwaka 1947 ikatoka injini ya sentimita za ujazo 50, nguvu yake nusu tu ya nguvu ya farasi mmoja. Mwezi wa Septemba 1948 ikaandikishwa kampuni yenye jina lake. Mwaka 1958 wakatoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub, na kufikia mwaka 2017 idadi ya pikipiki za jina hilo zilizotengenezwa ilitimia milioni 100. Honda alifariki mwaka 1991. Chimbuko la hayo yote ni baiskeli moja yenye chombo cha maji ya moto mahali pa tangi, na nguo moja iliyoharibika kwa mafuta.

MASHINE YA KUKATIA MAJANI

Hiyo ni khabari ya Japani. Huku kwetu injini za redio za jeshi hazipo, lakini ziko zinazofanana nazo: injini za mashine za kukatia majani, zile zivaliwazo begani. Ni nyepesi, hupozwa kwa upepo, aghalabu ni za mipigo miwili, na zilizo kubwa kidogo huwa na nguvu ya farasi 1 hadi 2. Tena zina klachi ambayo hujishika yenyewe mizunguko ikiongezeka, na hujiachia ikipungua, hata injini yaweza kunguruma polepole na chombo kimesimama. Kwa hiyo si ajabu vijana kuzitamani.

Mimi ni mwalimu wa chuo, si mhandisi, na hesabu niifanyayo hapa ni ya shule ya msingi, lakini yatosha. Baiskeli zetu za inchi 28, gurudumu likizunguka mara moja huenda takriban mita 2.2. Ukitaka kwenda kilometa 30 kwa saa, ndiyo mita 500 kwa dakika, gurudumu halina budi kuzunguka kama mara 227 kwa dakika. Injini ile, ikiwa katika nguvu yake, huzunguka labda mara 6,500. Basi mizunguko yake sharti ipunguzwe karibu mara 29. Ukitaka kuipunguza kwa mnyororo mmoja, na gia ndogo ina meno 10, gia kubwa itahitaji meno 290, jambo lisilowezekana. Hapana budi upunguze kwa hatua mbili au tatu.

Rola huiondoa taabu hiyo. Rola ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 2.5 huviringika sentimita 7.85 kwa kila mzunguko. Zidisha kwa 6,500, utapata kama mita 510 kwa dakika, yaani kilometa 30 na ushei kwa saa, bila gia yoyote. Ndiyo sababu waundaji wengi huichagua. Lakini rola ishikwe na beringi pande zote mbili, isining'inie upande mmoja ikapinda. Na ajuaye ajue kuwa mvua ikinyesha itateleza, na tairi italika, kama ilivyolika Hamamatsu. Pengine kijana atasema, nitatia rola ya sentimita 5, nipate kilometa 60. Hesabu yakubali, injini haikubali: itashindwa kuivuta, na klachi itaungua. Wala ole wake si kushindwa. Ole wake ni kufaulu penye mteremko.

KUSIMAMA NDIKO KAZI

Breki za baiskeli zilifanywa kwa ajili ya mtu aendaye kwa miguu yake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuvunjwa na breki huzidi mara nne. Tufanye kwamba mpanda baiskeli huchukua sekunde moja tangu kuona khatari hata kukamata breki, na breki zake ni nzima. Akiwa katika kilometa 15 kwa saa atasimama kwa mita 7 hivi. Akiwa katika kilometa 30 atahitaji kama mita 20. Mtoto aliyerukia barabarani kufuata mpira hayuko umbali wa mita 20. Na rimu za chuma zikilowa maji, breki hushika kidogo mno. Kwa hiyo kijana anayetaka kuunda, na aanze kwa breki za mbele na za nyuma, zote mbili, mpya na zilizopimwa, kabla hajagusa injini. Aangalie spoku, aangalie uma wa mbele usiwe na ufa, akaze nati zote, na baada ya safari ya kwanza azikaze tena, kwani mtikisiko wa injini huzifungua.

Waya wa mafuta uwe na springi ya kuurudisha wenyewe mkono ukiachia. Swichi ya kuzimia iwe karibu na kidole gumba. Tangi lisivuje, wala lisikae juu ya bomba la moshi. Mafuta yachanganywe kama alivyoagiza mtengenezaji wa injini: akisema sehemu 25 kwa moja, ni mililita 40 za oili ya mipigo miwili kwa lita moja ya petroli, akisema 50 kwa moja, ni mililita 20. Petroli tupu huiua injini hiyo upesi.

Na liko jambo lihusulo nyumba zetu khasa. Sisi ni watu wa kanzu, vikoi, mabuibui na mitandio. Nguo ipepeayo karibu na rola au mnyororo unaoendeshwa na injini haikamatwi polepole kama kwenye baiskeli ya miguu. Huvutwa mara moja pamoja na aliyeivaa. Basi rola na mnyororo vifunikwe kwa bati, bomba la moshi likingwe, na mama au mtoto asipakiwe kwenye keria ya chombo cha namna hii. Mwendeshaji naye avae kofia ngumu. Tena katika nchi nyingi baiskeli ikisha kutiwa injini huhesabiwa kuwa chombo cha moto, chenye kuhitaji usajili, leseni na bima. Kabla ya kuitoa barabarani, na aende kwa wahusika akaulize. Mpaka apate jawabu, uwanja wa nyumbani wamtosha.

NENO KWA WAZEE NA VIJANA

Enyi wazee, msikimbilie kuwakataza. Mhunzi wa kijijini hakumfukuza mwanawe penye nyundo, na kijana anayefungua injini ili aijue ni bora kuliko anayeipanda asijue ndani yake mna nini. Lakini wekeni sharti: chombo hakitoki uani mpaka kisimame mahali palipopigwa mstari, mara kumi kwa mara kumi, na mpaka injini izimwe kwa kidole kimoja mwendeshaji akiwa kitini.

Nanyi vijana, mkisha kufaulu, kabla hamjajisifu kwa wenzenu, muiteni mtu mzima ambaye hakushiriki katika kazi hiyo, mpeni nafasi ya kuijaribu polepole uani, kisha nyamazeni msikilize. Akisema inatetemesha mikono, ni kweli. Akisema yatia khofu, ni kweli. Akisema imemchafua nguo, msijibu kwamba hajui kupanda. Nendeni mkaifungue tena. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yenu na ailinde miguu yenu. Wassalaam.