Resini Ikiwa Nzito: Jilinde Kabla ya Kuiokoa

Mwezi huu tuzungumzie kazi inayowavutia vijana wengi: kumimina resini katika kalibu ili kupata vipande vya kuchonga au kukereza. Vipande hivyo hutoa mipini ya visu, kalamu, bangili na vishika funguo. Ni kazi nzuri na inaweza kuleta kipato nyumbani. Lakini resini ambayo haijaganda ni kemikali kali kwa ngozi, macho na mapafu. Hatari huzidi inapokuwa nzito, kwa sababu bei yake ni kubwa na fundi hataki kuitupa. Hapo ndipo huiweka jikoni juu ya moto, huitia petroli, au huikoroga kwa kidole.

RESINI NI NINI?

Ni plastiki inayouzwa ikiwa bado majimaji. Ili igande, huchanganywa na dawa ya kugandisha, ambayo mafundi huiita hadna. Aina mbili ndizo zinazotumika sana. Ya kwanza ni epoksi. Miaka ya 1930 mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, aliitafiti akitaka kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Ya pili ni poliesta, yenye harufu kali, ambayo ndiyo ya faibaglasi na ya bodifila ya gereji. Usizichanganye wala usibadilishane hadna zake.

KWA NINI HUWA NZITO?

Kabla ya kufanya lolote, jiulize sababu.

1. Baridi. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku kwetu kwenye vilima vya Ngara na Biharamulo, epoksi ambayo haijatiwa hadna huwa nzito, pengine ikafanya chembechembe kama asali iliyoganda. Hii haijaharibika. Funga kopo vizuri, liweke ndani ya beseni lenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, mpaka chembe ziishe. Maji yasiingie ndani ya kopo. Kisha iache ipoe kabla ya kutia hadna, kwani ikiwa ya moto itaganda haraka mno. Usiweke kopo juu ya moto kamwe.

2. Uzee. Poliesta iliyokaa muda mrefu, hasa mahali pa joto, huwa nzito kama uji uliolala. Hii haiokoleki. Usiipashe moto hata kidogo, maana mvuke wake hushika moto upesi. Kuongeza petroli au thina hakusaidii: kipande hubaki laini au hupasuka, na nyumba nzima hujaa mvuke wa kuwaka.

3. Hadna imekwisha kutiwa. Hapo unene ni dalili kwamba mgando umeanza, na mgando huzaa joto. Resini nyingi ndani ya kikombe kimoja yaweza kuchemka, kutoa moshi na kuunguza kiganja. Usiongeze kitu, usiifunike, usiiinamie. Itoe nje, uimwage kwenye bati pana mbali na nyasi kavu, uiache ipoe. Siku nyingine changanya kidogo kidogo.

INADHURU VIPI MWILI?

Madhara ya epoksi huja polepole. Fundi aweza kuishika kwa wiki au miezi bila shida. Kisha mwili unaikataa: vidole na viganja vinawasha, ngozi inakuwa nyekundu, inatoa malengelenge, na kope za macho zinavimba. Wengi hudhani ni fangasi, wakapaka dawa ya fangasi bila kupona. Huo ni mzio, wala hauambukizi. Ubaya wake ni kwamba ukishaingia, mara nyingi haumwachi mtu maisha yake yote. Tone dogo tu latosha kuuamsha, na fundi hulazimika kuacha kazi hiyo. Lita moja ya resini hununuliwa tena, lakini ngozi iliyokwisha kuikataa hainunuliwi.

Hadna ya poliesta ni hatari zaidi kwa macho. Tone moja laweza kupofusha. Mvuke wa poliesta nao huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kikohozi.

KANUNI ZA KUFUATA

- Fanya kazi nje au chini ya banda lenye hewa, mbali na jiko, sigara na kibatari.
- Vaa miwani ya kazi, nguo ya mikono mirefu na glovu za nitrili. Glovu nyembamba za mpira, zile za kawaida za hospitali, hazizuii vizuri.
- Koroga kwa kijiti. Sufuria na vikombe vya resini visirudi jikoni.
- Ikigusa ngozi, futa kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni na maji. Usinawe kwa thina wala petroli, kwani huharibu ngozi na kuipenyeza kemikali ndani.
- Usipige msasa kabla kipande hakijakauka kabisa. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa, na usifagie vumbi likiwa kavu.
- Watoto na wajawazito wakae mbali.
- Usihamishie resini wala hadna katika chupa ya soda. Mtoto hajui tofauti.

AJALI IKITOKEA

Ikiingia jichoni, fumbua kope na mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, ndipo uende hospitali mara moja. Usitie maziwa ya mama, asali wala dawa ya majani. Mtu akiinywa, usimtapishe. Msukutue mdomo na mpeleke hospitali. Aliyevuta mvuke akalewa, mtoe kwenye hewa safi. Kila mara njoo na kopo lake, ili mganga asome kilichoandikwa.

Resini iliyokauka kabisa haina hatari hizo. Bangili yake yaweza kuvaliwa. Wazazi, msiwakataze vijana kazi hii. Waulizeni tu: miwani iko wapi, glovu ziko wapi, na ile iliyokuwa nzito mmeifanyaje?