Mfumuko wa Bei: Kwa Nini Asilimia Tano Haikututosha



Mwezi Novemba 2022 niliandaa bajeti ya mwaka 2023 kwa ajili ya uji wa watoto wa shule ya awali katika usharika mmoja ulioko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Nilichukua bei ya mahindi, maharage na sukari tuliyonunulia wakati wa mavuno, nikaongeza asilimia 5 kwa ajili ya kupanda kwa bei. Sikubuni asilimia hiyo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ilikuwa imetangaza kwamba mfumuko wa bei wa Taifa kwa mwezi Oktoba ulikuwa asilimia 4.9, nami nikaona nimefanya kazi yangu vizuri.

Kabla muhula wa kwanza haujaisha fedha za chakula zilikuwa zimekwisha. Kamati iliketi, na kama ilivyo kawaida yetu binadamu, macho yote yakamwelekea mama mtunza stoo. Aliombwa akae pembeni wakati daftari likikaguliwa. Tulipima magunia yaliyobaki, tukahesabu vikombe vya uji na siku za masomo. Kilo hazikupotea hata moja. Kilichokuwa kimebadilika ni bei. Mama yule alirudishwa kazini na kuombwa radhi, nami nikakiri mbele ya kamati kwamba kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilitumia takwimu sahihi mahali isipopaswa kutumika.

Tangu hapo nimeulizwa na kamati nyingi: kama Serikali inasema bei zimepanda kwa asilimia 3 au 5 tu, mbona sokoni tunaona mambo mengine? Je, takwimu ni za uongo? Jibu ni kwamba si za uongo. Makala hii inaeleza takwimu hiyo inapima nini, haipimi nini, na kamati zetu zifanye nini.

TAKWIMU HII INAPATIKANAJE

Kila mwezi wakusanyaji wa takwimu hupita masokoni, madukani na kwa watoa huduma katika mikoa ya Tanzania Bara, Arusha ikiwemo, na kuandika bei za bidhaa na huduma zile zile. Huo ndio mfano wa "kapu" la matumizi ya kaya. Kapu linalotumika tangu mwaka 2021 lina bidhaa na huduma 383: unga, nyama, mafuta ya kula, kodi ya nyumba, nauli, nguo, ada za shule, muda wa maongezi wa simu na kadhalika. Kila kundi hupewa uzito wake kulingana na sehemu ya fedha ambayo kaya hutumia kwa ajili ya kundi hilo. Kisha gharama ya kapu zima hulinganishwa na gharama ya kapu hilo hilo mwezi kama huo mwaka uliopita. Tofauti hiyo, kwa asilimia, ndiyo mfumuko wa bei wa mwaka unaotangazwa kila mwezi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Mfumuko wa bei ukishuka haina maana kwamba bei zimeshuka. Januari 2023 mfumuko wa Taifa ulikuwa asilimia 4.9, na Desemba mwaka huo ukawa asilimia 3.0. Maana yake ni kwamba bei kwa ujumla ziliendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo zaidi. Ni kama gari linalopanda mlima wa Kisongo na kupunguza mwendo, bado linapanda.

Ni haki pia kusema kwamba nchi yetu imetoka mbali. Desemba 2011, baada ya ukame, mgao mkali wa umeme na kupanda kwa bei za mafuta na chakula, mfumuko ulifikia asilimia 19.8. Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa hapa Arusha, zimekubaliana kwamba mfumuko usizidi asilimia 8. Tanzania imekaa chini ya kiwango hicho kwa miaka mingi sasa. Lakini utulivu wa wastani wa Taifa hauwi kila wakati utulivu wa jiko la shule.

SABABU YA KWANZA: KAPU LETU SI KAPU LA TAIFA

Katika kapu lililotumia mwaka 2001 kama mwaka wa kizio, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilikuwa na uzito wa asilimia 55.9. Katika kapu la mwaka 2010 vikawa asilimia 47.8, na katika kapu la sasa la mwaka 2020 ni asilimia 28.2. Hivyo chakula kikipanda bei leo, kinasukuma takwimu ya Taifa kwa nguvu ndogo kuliko zamani.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 10 na vitu vingine vyote kwa asilimia 2. Katika kapu ambalo chakula ni 28 kwa 100, bei zimepanda kwa kama asilimia 4.2. Kwa kaya ya mjane anayetumia shilingi 60 katika kila 100 kwa chakula, zimepanda kwa asilimia 6.8. Kwa jiko la shule, ambako shilingi 90 katika kila 100 ni chakula, zimepanda kwa asilimia 9.2. Soko ni lile lile na mwezi ni ule ule, lakini mifuko mitatu imeumia tofauti.

Hicho ndicho kilichotupata. Januari 2023, wakati mfumuko wa jumla ulikuwa asilimia 4.9, mfumuko wa bei za vyakula na vinywaji visivyo na kilevi peke yake ulikuwa asilimia 9.9. Takwimu hii ya pili ilikuwa katika taarifa ile ile ya NBS, ukurasa wa ndani. Sikuisoma.

SABABU YA PILI: MSIMU

Takwimu ya mwaka hulinganisha Februari na Februari, Agosti na Agosti. Haituelezi tofauti kati ya Agosti na Februari inayofuata, na hiyo ndiyo inayomuumiza mkulima wa Meru na mpishi wa shule. Sehemu kubwa ya mahindi ya masika huvunwa kati ya Julai na Septemba. Wakati huo kila mtu anauza, maana ada na madeni yanasubiri, na bei hushuka. Kuanzia Januari maghala ya nyumbani hupungua, na mvua za vuli zikikosekana, bei hupanda hadi mavuno yajayo. Mimi nilichukua bei ya mavuno nikaitumia kununulia miezi ya njaa.

Mvua kupita kiasi nazo huleta tatizo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilizuia uvunaji na usafirishaji wa miwa, sukari ikaadimika, na Serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi.

SABABU YA TATU: MAHALI TULIPO

Bei za Arusha zina misukumo yake. Kwanza ni mpaka. Namanga iko kama kilometa 110 kutoka mjini, na nyuma yake kuna soko kubwa la Nairobi. Kenya ikiwa na upungufu wa mahindi, wafanyabiashara hununua huku na bei ya Kilombero na Ngaramtoni hupanda. Mpaka ukifungwa, mambo hugeuka. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama Namanga mpaka zuio lilipoondolewa kwa masharti siku chache baadaye. Mwaka 2017 Serikali yetu yenyewe ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi. Mlaji hupata nafuu kwa zuio kama hilo, lakini mkulima, ambaye mara nyingi ni msharika yule yule, hupata hasara.

Pili ni mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mikoa ya kaskazini hutegemea sana shehena zinazoshushwa Bandari ya Tanga, na gharama ya kusafirisha hadi Arusha huongezwa juu yake. Baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022 bei zilipanda kiasi kwamba kuanzia Juni mwaka huo Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Dizeli ndiyo inayoleta mchele kutoka Magugu na mahindi kutoka Kiteto, ndiyo inayoendesha mashine nyingi za kusaga, na ndiyo inayovuta pampu mashambani. Kwa hiyo mafuta huingia kwenye uji hata kama hayamo kwenye orodha ya mahitaji.

Tatu ni ukame wa tambarare. Malisho yakikauka Longido, Monduli na Simanjiro, wafugaji huuza mifugo iliyokonda kwa bei ya chini wakati ule ule mahindi yamepanda. Familia hiyo hupata pigo mara mbili, na mara nyingi ndiyo inayobisha hodi ofisini kwa mchungaji.

Kuna pia upandaji wa bei usioonekana. Fungu la nyanya linaweza kuuzwa bei ile ile mwezi mzima huku nyanya zikipungua kutoka sita hadi nne. Sado ya maharage inaweza kujazwa kwa kilele leo na kusawazishwa kesho.

KAMATI ZIFANYE NINI

1. Tengenezeni kapu lenu. Chagueni vitu vinane au kumi mnavyonunua kweli: mahindi, maharage, sukari, mafuta ya kula, chumvi, kuni au mkaa, kusaga, usafiri. Mtu mmoja aandike bei zake mara moja kwa mwezi, soko lile lile, siku ile ile ya soko, kwa mfano Jumamosi ya kwanza pale Tengeru. Pimeni kwa kilo, si kwa fungu wala sado. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa na thamani kuliko makadirio yangu ya ofisini.

2. Tenganisheni chakula na matumizi mengine katika bajeti. Mishahara, vifaa na chakula havipandi kwa kasi moja. Kwa chakula, tumieni bei ya mwezi mtakaonunua, si ya mwezi mnaoandika bajeti.

3. Nunueni wakati wa mavuno na hifadhini vizuri. Mahindi yakaushwe kabisa. Njia rahisi ya kupima ni kutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu na kutikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu. Tumieni mifuko maalumu isiyopitisha hewa ili kuzuia dumuzi. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yanaweza kuota ukungu na kuleta sumukuvu, na hiyo ni hatari kubwa kuliko bei.

4. Tafakarini upya sadaka ya mavuno. Sharika nyingi hupokea magunia ya mahindi mwezi Agosti na kuyanadi yote siku hiyo hiyo, kisha mwezi Februari hununua mahindi ya shule au ya wahitaji kwa bei ya juu. Wekeni sehemu stoo kabla ya mnada.

5. Msiwe walanguzi. Bei inaweza pia kushuka, hasa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) unapopeleka mahindi sokoni. Hifadhini mnachohitaji kula, si cha kufanyia biashara.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunashukuru kwa uvumilivu wenu. Ombi letu si fedha zaidi tu. Fedha za chakula zinapogawanywa katika awamu nne zinazolingana, robo ya kwanza hutukuta tukinunua Februari, wakati bei iko juu. Sehemu kubwa ya fedha za chakula ikifika Julai au Agosti, kiasi kile kile kinaweza kununua magunia mengi zaidi. Tunaomba pia kifungu kidogo cha dharura, na ruhusa ya kuhamisha fedha kati ya vifungu bei zinapobadilika ghafla, tukieleza kwa maandishi. Kwa upande wetu, daftari la bei litaambatanishwa na kila taarifa ya mradi unaohusu chakula.

Usharika niliouanza nao makala hii sasa una daftari lake. Linatunzwa na mama yule yule wa stoo. Anapokuja kwenye kikao analifungua kwanza yeye, kabla mtu yeyote hajauliza fedha zimekwenda wapi.

Mratibu wa Miradi ya Dayosisi