Ushuru wa Vitu Vinunuliwavyo Ng'ambo ya Mpaka, na Habari ya Bunduki

Watu wakaao Kitale na Bungoma wamezoea kuvuka mpaka kwa shughuli zao. Wa Bungoma huenda Mbale kwa njia ya Malaba au ya Lwakhakha. Wa Kitale hupita Endebess hata Suam, wakaendelea mpaka Kapchorwa. Wengi wana jamaa pande zote mbili, kwa kuwa Wabukusu na Wagisu husikilizana lugha, na Wasabaoti wa Mlima Elgon ni ndugu wa Wasebei wa Uganda. Tena yafaa kukumbuka kwamba mpaka wa Uganda hapo zamani haukuwa mtoni Lwakhakha. Kabla ya mwaka 1902 nchi yote ya Bungoma ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Basi mtu akinunua kitu Mbale huona ni kama amenunua katika soko la jirani, na akisimamishwa forodhani akaambiwa alipe, hustaajabu na kuuliza: "Je, hatukuambiwa kwamba Afrika ya Mashariki sasa ni Jumuiya moja?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake si gumu. Shida ni kwamba neno "ushuru" hutumiwa na watu kwa mambo mawili yaliyo mbali mbali. La kwanza ni ushuru wa forodha, yaani fedha zitozwazo kitu kwa sababu kimetoka nchi nyingine. La pili ni kodi ya ongezeko la thamani, ambayo watu wengi huiita VAT, nayo hutozwa kitu kwa sababu kinauzwa au kinatumiwa katika nchi. Jumuiya iliondoa la kwanza kwa vitu vitengenezwavyo ndani yake. La pili haikuliondoa, wala haikuahidi kuliondoa.

Mapatano ya Umoja wa Forodha yalitiwa sahihi mwezi wa Machi 2004, yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Kwa mapatano hayo nchi wanachama zilikubali kutoza ushuru wa namna moja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya, na kupunguza ushuru kati yao wenyewe hata ukaisha mwaka 2010. Lakini kila Serikali ilibaki na kodi yake ya ongezeko la thamani, ikiitoza kwa kiasi chake na kwa kazi zake yenyewe. Kodi hiyo ilianza Kenya mwaka 1990 mahali pa kodi ya mauzo iliyokuwako tangu 1973. Leo kiasi chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Uganda.

Kwa mfano, mtu wa Bungoma amenunua Mbale kitu cha thamani ya shilingi 50,000 za Kenya. Ikiwa kimetengenezwa Uganda, naye ana karatasi ya kuonyesha hivyo, ushuru wa forodha hana. Atalipa kodi ya ongezeko la thamani tu, yaani shilingi 8,000. Ikiwa kimetoka Uchina au Ulaya, na kimo katika daraja la asilimia 25, atalipa kwanza ushuru wa shilingi 12,500. Kisha kodi ya asilimia 16 itahesabiwa juu ya jumla ya 62,500, nayo ni shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 22,500, na juu yake kuna tozo ndogo mbili, ya tamko la kuingiza bidhaa na ya ujenzi wa reli. Mtu asiyejua habari hii huondoka nyumbani akidhani amepata bei rahisi, akarudi amelipa kuliko angalilipa dukani Kitale.

Ndiyo sababu swali la kwanza la ofisa wa forodha si "umenunua wapi?" bali "kimetengenezwa wapi?" Simu iliyouzwa Mbale haigeuki kuwa ya Uganda kwa kuwa ilikaa katika kabati ya duka la Mbale.

Wafanya biashara wadogo wamewekewa njia nyepesi. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa ni wa bidhaa zilizotajwa katika orodha iliyokubaliwa na ni mazao au kazi ya nchi za Jumuiya, hupewa cheti chepesi cha asili pale pale mpakani. Mwenye vitunguu, maharagwe au mahindi hana hata kodi ya ongezeko la thamani ya kulipa, maana mazao ya shamba yasiyosindikwa yamesamehewa. Hata hivyo wako kina mama wengi ambao, kwa kuogopa ofisi, humlipa kijana wa kuwavusha kwa njia ya kichochoro, wakatoa fedha nyingi kwa mzigo ambao Serikali haikuwa na neno nao. Hasara hiyo ni ya bure kabisa. Tena mwenye kupita njia hiyo hana karatasi, na asiye na karatasi hawezi kuthibitisha baadaye kwamba vitunguu vyake havikuwa na deni. Risiti ya soko itolewayo na Kaunti haisaidii hapa. Hiyo ni ya kiwanja cha soko, si ya forodha.

Liko jambo jingine ambalo huwaumiza wanunuzi. Mtu anunuaye katika duka kubwa la Uganda huwa amekwisha kulipa kodi ya huko, ile asilimia 18, ndani ya bei. Akifika Kenya hutozwa tena asilimia 16, naye hulalamika kwamba ametozwa mara mbili. Kwa kweli ametozwa mara mbili, wala sheria haikukusudia hivyo. Kitu kiuzwacho kwenda nje ya Uganda hakipasi kutozwa kodi ya Uganda. Lakini ni lazima muuzaji awe ameandikishwa kwa kodi hiyo, na kitu kiandikwe tangu mwanzo kuwa cha kupelekwa nje, na karatasi za forodha zionyeshe kwamba kweli kilitoka. Yafaa mnunuzi aseme hivyo kabla ya kutoa fedha. Akisema akiwa mpakani, amechelewa.

Kodi ifuatayo mahali pa matumizi

Desturi hii ya kutoza kodi mahali kitu kitakapotumiwa haikubuniwa Nairobi. Marekani ni nchi moja, wala ndani yake hakuna forodha kati ya jimbo na jimbo, lakini kila jimbo lina kodi zake. Mwaka 1935 jimbo la Washington lilianza kutoza kodi ya mauzo. Jirani yake Oregon, ng'ambo ya mto Columbia, haina kodi hiyo mpaka leo. Wenye maduka wa Washington waliona hatari mara moja: watu watavuka mto. Kwa hiyo jimbo liliweka pamoja nayo kodi ya matumizi. Mkaaji wa Washington anunuapo kitu mahali pasipo kodi akakileta nyumbani, hulipa jimbo lake kiasi kile kile ambacho angalilipa dukani kwao; na ikiwa amekwisha kulipa kodi kule alikonunua, hupunguziwa. Shauri hilo lilipelekwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1937 ikakata kwamba ni halali.

Badili jina la mto, uweke Lwakhakha mahali pa Columbia, na habari ni ile ile. Mwenye duka la Bungoma, alipaye kodi yake kila mwezi, hawezi kushindana na mzigo usiolipa kitu.

Wazee wa Bungoma hawana haja ya mifano ya Marekani, maana wanaikumbuka Chepkube. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, na bei ikapanda ulimwenguni kote. Uganda wakati ule ilikuwa chini ya Idi Amin. Mkulima wa huko alilipwa kidogo, tena kwa fedha iliyokuwa ikipoteza nguvu kila siku. Basi kahawa ya Uganda ikavushwa usiku vichwani mwa watu na migongoni mwa punda, ikauzwa katika soko la Chepkube karibu na mpaka, na katika miaka ya 1976 na 1977 jina la soko hilo likajulikana nchi nzima. Wako waliojenga nyumba na kununua magari kwa magendo yale. Lakini hazina ya Uganda ilikosa fedha za zao lake kubwa, na mkulima ambaye kahawa ilitoka shambani kwake hakuwa ndiye aliyenunua gari.

Sheria ya forodha itumikayo sasa ni moja kwa nchi zote za Jumuiya, nayo ni ya mwaka 2004. Mwenye kupitisha kitu kwa magendo aweza kufungwa hata miaka mitano, au kutozwa faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au yote mawili pamoja. Mzigo hutaifishwa, na chombo kilichouchukua chaweza kutaifishwa pia. Mwenye pikipiki aliyekubali kuvusha magunia ya mtu mwingine kwa shilingi mia tatu afikiri bei ya pikipiki yake.

Bunduki si kama vitu vingine

Wenye mashamba upande wa Kitale mara kwa mara huuliza habari ya bunduki. Mtu ana ng'ombe wa maziwa, au nyani na nguruwe mwitu humharibia mahindi, naye amesikia kwamba bunduki ya marisau hupatikana Uganda kwa bei nafuu. Je, akilipa ushuru na kodi kwa haki, hawezi kuileta?

Hawezi, ikiwa hana kibali. Hapa ndipo wengi hukosea, maana hudhani kwamba risiti ya Serikali huhalalisha kitu. Kwa vitu vya kawaida kodi ndiyo mwisho wa shauri. Kwa silaha kodi huja mwisho, baada ya mambo mengine yote. Sheria ya forodha ya Jumuiya imeziweka silaha na risasi katika orodha ya vitu visivyoingizwa ila kwa idhini. Na Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yasema kwamba mtu asinunue wala asiwe na bunduki bila cheti, wala asiiingize nchini bila kibali. Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Mwombaji huchunguzwa kama ana sababu ya kweli ya kuhitaji silaha, na kama aweza kukabidhiwa bila hatari kwa raia wenzake. Leseni ya Uganda haimfai mtu Kenya kitu.

Basi mpango ni huu: cheti kwanza, kisha kibali cha kuingiza, kisha ununuzi, na mwisho forodha. Afikapo forodhani atatozwa kama mwingizaji mwingine yeyote. Tena asitumaini msamaha wa Jumuiya, kwa sababu bunduki na bastola ziuzwazo kwa raia kwa kawaida hutengenezwa nje ya Afrika ya Mashariki. Hata Marekani, ambako silaha huuzwa madukani waziwazi, mtu hawezi kununua bastola katika jimbo lisilo lake akaondoka nayo. Kwa sheria ya mwaka 1968 ni lazima ipelekwe kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo la mnunuzi, naye ndiye amchunguzaye, na katika majimbo mengine, kama California, ndiye amtozaye kodi ya matumizi.

Ukali huu una sababu, na watu wa Trans Nzoia na Pokot wanaijua. Mwaka 1979, Serikali ya Amin ilipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zake zikaenea Karamoja na nchi za jirani. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi mapatano mjini Nairobi kwamba kila silaha itiwe alama na kuandikwa, ili ijulikane ilikotoka na iko mkononi mwa nani. Bunduki ipitayo Suam usiku haina mwenyewe katika kitabu chochote.

Aliyerithi bunduki ya marehemu baba yake aliyekaa Uganda yumo katika sheria hii sawasawa na mnunuzi. Asiichukue kwanza ndipo aulize. Na aiache mikononi mwa polisi wa huko, aombe cheti na kibali Kenya, ndipo aende kuitwaa. Mwenye swali juu ya kiasi cha ushuru wa bidhaa yoyote aweza kuuliza bila malipo katika ofisi za Mamlaka ya Mapato zilizoko Malaba, Lwakhakha na Suam, naye ataje kitu chenyewe, bei yake, na nchi kilikotengenezwa.